Majina Yachukizayo na Majina Yaliyopitwa na Wakati: Je, Yafaa Kuyabadilisha?

I. Swali lenyewe

Msafiri atokaye Mwembesongo, katika mji wa Morogoro, na kuelekea upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, hupita Bigwa, akafika Mkuyuni, na baada ya kupanda na kushuka huona mlima wenye mawe mawili makubwa yaliyosimama karibu karibu. Hapo ndipo Matombo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza misioni yao hapo mwaka 1897, na tangu siku hizo jina hilo limeandikwa katika vitabu vya ubatizo, katika ramani na katika hati za shule. Wenyeji hulitamka bila haya yo yote. Lakini mgeni ajuaye Kiswahili peke yake, alisikiapo mara ya kwanza, aghalabu hucheka au huinamisha uso. Maana kwa sauti lakaribia neno ambalo mtu mwenye adabu hathubutu kulitamka mbele ya wakwe zake.

Basi swali lazuka lenyewe: je, si afadhali mahali kama hapo paitwe kwa jina jingine? Tena swali hili si la Matombo tu. Leo katika nchi nyingi watu wanashindana juu ya majina ya vilele vya milima, ya njia za miji, ya miti na ndege, ya makabila na ya wagonjwa. Wengine husema kila jina lenye doa liondolewe. Wengine husema jina ni jina tu, liachwe kama lilivyo. Twaona ya kuwa pande zote mbili zakosea kwa sababu moja, nayo ni kuyapima majina yote kwa kipimo kimoja.

Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba majina yachukizayo ni ya namna mbalimbali, na kwamba mwalimu au padre aulizwapo shauri imempasa kuuliza kwanza: Ni nani aumizwaye na jina hili, na je, huyo ndiye aitwaye kwa jina hilo? Jina limwumizalo mwenye kuitwa lastahili kubadilishwa. Jina limchekeshalo mpita njia halina kosa.

II. Jina safi katika kinywa cha wenyewe

Katika Kiluguru tombo ni titi la mwanamke, na matombo ni wingi wake. Watu wa kale waliyatazama yale mawe mawili, wakauita mlima kwa mfano wa kiungo kinacholisha watoto. Hapana aibu hapo. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mashamba pia yalifuata ukoo huo. Kwa watu kama hao kuifananisha nchi na mama mwenye kunyonyesha ni mfano wenye heshima yake.

Kiswahili nacho kina desturi iyo hiyo. Neno ziwa ni titi, na ni mahali penye maji mengi. Maziwa ni matiti, ni kinywaji, tena ni Nyanza na Tanganyika. Mtu huomba maziwa mezani mbele ya askofu, wala hapana mtu acheka. Na neno tombo lenyewe limo katika Kiswahili: ni ndege mdogo wa majanini, na kamusi humtaja bila kuomba radhi.

Kosa li wapi basi? Kosa li katika sikio la asikiaye, kwa kuwa ahukumu neno la lugha moja kwa sheria ya lugha nyingine. Lugha zetu za Kibantu hujenga maneno yao kwa silabi zinazofanana sana, na kila lugha imezipa silabi hizo maana zake. Kama kila jina lisikikalo vibaya kwa jirani lingeondolewa, hapana kabila ambalo lingebaki na majina yake yote, na Waswahili wenyewe wangepoteza mengi.

Mwenye kupinga atasema kwamba Kiswahili hubadilisha maneno yake kwa ajili ya adabu. Ni kweli, tena mifano ipo. Zamani watu walisema mvua yanya, wala hapakuwa na ubaya. Lakini kitenzi hicho kilitumika pia kwa haja kubwa, na maana hiyo ya pili ikaifunika ile ya kwanza, hata leo twasema mvua inanyesha. Walakini tutazame jinsi badiliko hilo lilivyotokea. Walioona haya ni wenye lugha wenyewe, wakajitafutia neno katika hazina yao wenyewe, polepole, pasipo amri ya mtu. Hawakuja watu wa lugha nyingine kuwaambia kwamba mvua yao ina jina chafu.

Hata hivyo tusiseme kana kwamba hapana taabu. Mtoto wa Matombo akienda kusoma mbali, na wenzake wakimfanyia mzaha kwa jina la kwao, hapo aumiaye si mpita njia tena. Lakini dawa yake ni nini? Tukilibadilisha jina kwa ajili ya mzaha huo, tutakuwa tumemfundisha mtoto kwamba wenye kucheka walikuwa na haki, na kwamba lugha ya bibi yake ina uchafu. Dawa iliyo bora ni mwalimu kusimama mbele ya darasa na kueleza maana, kwa uso mkavu, kama aelezavyo jina la mlima mwingine wo wote. Mzaha wa namna hii hula ujinga. Ukinyimwa ujinga hufa. Na ikiwa siku moja wenyeji wenyewe, baada ya kushauriana na wazee wao, wakataka jina jingine, hiyo ni haki yao, maana jina ni mali yao. Ila isiwe kazi ya ofisi wala ya mwalimu mgeni kuwaonea haya.

III. Majina ya makabila yaliyotoka kwa adui

Namna ya pili ni mbali sana na hiyo ya kwanza. Haya ni majina ambayo mtu hakujiita, bali aliitwa na jirani asiyempenda.

Si kila jina litokalo kwa jirani ni baya. Waluguru maana yake ni watu wa mlimani, kutokana na neno lugulu, yaani mlima. Ile l ya pili Waswahili wameigeuza r. Wasukuma ni watu wa kaskazini. Majina ya namna hii husema tu mtu akaa wapi, na wenye kuitwa wameyapokea wakayafanya yao.

Lakini yako mengine. Katika wilaya za Kilosa na Mvomero, mkoani Morogoro, wamo wafugaji wasemao Kimaa ambao hujiita Waparakuyo. Watu wa pwani waliwaita Wakwavi. Mmisionari Ludwig Krapf alilitumia jina hilo katika kitabu chake cha maneno ya lugha yao kilichopigwa chapa mwaka 1854, na wenye kuandika baada yake wakalifuata. Wenyewe hawalipendi, huliona kuwa ni la dharau. Kadhalika Wadatoga, ambao Wabarabaig ni tawi lao, huitwa Wamang'ati. Neno hili ni la Kimaa, na maana yake ni maadui. Wamasai walikuwa na sababu zao za kuwaita hivyo siku za vita. Lakini mwalimu aandikapo neno hilo katika daftari la shule, mtoto mdogo husimama mbele ya wenzake na kutajwa kila siku kuwa ni adui.

Neno Wadorobo nalo latoka katika Kimaa. Ni watu wasio na ng'ombe, yaani ni jina ambalo mwenye mali humpa maskini. Huko Kenya Waogiek waliitwa hivyo miaka mingi, na mtu aitwaye kwa jina la asiye na kitu ni rahisi kudhaniwa kuwa hana ardhi pia. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu kwa upande wao katika shauri la msitu wa Mau, ikawataja kwa jina lao wenyewe. Na Wahadza, wakaao karibu na ziwa Eyasi, wamechoka kuitwa Watindiga.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo madogo ya wenye kupenda maneno. Huko Rudewa, wilayani Kilosa, mwezi wa Desemba mwaka 2000, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hatusemi kwamba majina ndiyo yaliyoua. Yaliyogombaniwa ni maji, malisho na mashamba. Lakini mahali ambapo damu imekwisha kumwagika, jina la dharau ni kuni kavu karibu na moto. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Katika fungu hili twaweza kuliweka pia neno washenzi. Hapo kale watu wa miji ya pwani walilitumia kwa watu wa bara, na katika maandishi mengi ya misioni lilitumiwa kwa mtu asiyebatizwa, kana kwamba ni neno la kawaida. Leo ni tusi tupu, wala hapana awezaye kulisoma mbele ya watu bila kueleza. Hapa uamuzi ni mwepesi: aitwaye yu hai, asikia, naye aumia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

IV. Majina ya walio na ulemavu

Juu ya majina haya yapo mabishano ya lugha yanayostahili kuangaliwa kwa makini. Wengine wamesema kwamba Kiswahili kiliwadharau watu hawa tangu mwanzo, kwa kuwa kipofu, kiziwi, kilema na kibogoyo yote yamo katika ngeli ya ki-vi, ambayo ni ngeli ya vitu. Neno hili lina ukweli, lakini si kweli yote. Kijana, kiongozi na kinyozi yamo katika ngeli iyo hiyo, wala hapana dharau. Tena tangu kale Waswahili husema kipofu amekuja, hawasemi kipofu kimekuja. Yaani jina lina umbo la kitu, lakini kitenzi chakiri kwamba ni mtu. Sarufi peke yake haitoshi kuhukumu.

Lililo zito zaidi ni kwamba majina hayo humfanya mtu mzima kuwa si kitu ila ule upungufu wake. Husemi tena fulani mwana wa fulani, mshona viatu, mwimbaji wa kwaya. Husema kipofu, basi. Kwa ajili hiyo watu hawa wenyewe waliomba namna nyingine ya kutajwa, ambayo humtanguliza mtu na kuiweka hali yake nyuma: mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 ilifuata njia hiyo, ikaitwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu.

Jina lililo baya kuliko yote katika fungu hili ni zeruzeru. Kwa sikio lina mzaha, na watu wengi wamelitaja bila nia mbaya. Lakini twajua yaliyowapata watu wenye ualbino katika nchi hii, hasa tangu miaka ya 2006 na 2007, walipowindwa na kukatwa viungo kwa ajili ya uchawi. Anayemkata mwenzake viungo kwanza amejifunza kumwona kuwa si mtu kamili, na maneno ni shule ya kwanza ya kuona hivyo. Mwezi wa Desemba mwaka 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliiweka tarehe 13 Juni kuwa siku ya kuwakumbuka watu hawa kila mwaka. Mwalimu wa kijiji hawezi kuwakamata wauaji. Lakini aweza kulitoa neno zeruzeru katika darasa lake leo hii.

Kadhalika neno mkoma. Ugonjwa waitwa ukoma, na jina la ugonjwa halina kosa, nao sasa hupona kwa dawa. Lakini aliyepona akiendelea kuitwa mkoma, dawa imemponya mwili na jina limemwacha nje ya mji.

V. Majina ya washindi

Namna ya nne ni majina waliyopewa mahali ili kuwaheshimu watawala. Hapa mambo si mepesi, kwa maana aliyeheshimiwa amekufa zamani, na mlima hauoni haya. Aumiaye ni nani?

Tuanze na mifano. Hans Meyer alipofika juu ya Kibo mwaka 1889, alikiita kilele hicho kwa jina la Kaisari Wilhelm. Mwaka 1961 kikaitwa Uhuru. Wilhelmstal imekuwa Lushoto, na Bismarckburg, penye ziwa Tanganyika, imekuwa Kasanga. Majina hayo ya kigeni yalikuwa kama nguo ya kuazima. Yalivuliwa, na pengi jina la wenyeji lilikuwapo chini yake siku zote.

Yaliyotukia huko Berlin katika miaka ya karibu yatuhusu sisi wa Morogoro zaidi kuliko tudhanivyo. Mwaka 2021 njia moja iliyokuwa na jina la Wissmann, aliyevunja vita vya Abushiri, ilipewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanganyika aliyetoka upande wa Kilimanjaro. Na mwaka 2024 njia nyingine, iliyoitwa kwa jina la Karl Peters, iligawanywa kwa majina mawili: sehemu moja yaitwa Maji Maji, na ya pili Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia aliyeuawa mwaka 1959. Huyu Peters ndiye aliyepita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami katika miezi ya mwisho ya mwaka 1884, akiwatia wakubwa wa nchi alama katika hati ambazo hawakuweza kuzisoma. Na Ukami ni nchi hii hii iliyo chini ya Uluguru. Watu walimwita Mkono wa Damu, na serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazini mwaka 1897. Mjukuu wa aliyetiwa hati ile, akienda Berlin na kuliona jina la Peters limeandikwa kwa heshima pembeni mwa njia, ana haki ya kuuliza anaheshimiwa kwa lipi. Basi hata jina la aliyekufa laweza kumwumiza aliye hai.

Katika habari ya njia hiyo limo jambo moja la kutuonya. Mwaka 1986 watu walipolalamika, wakubwa wa mji walitangaza kwamba tangu siku hiyo jina Peters lamaanisha Hans Peters, mwanasheria mmoja aliyempinga Hitler. Kibao hakikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni maelezo. Hila hiyo haikumridhisha mtu, na baada ya miaka 38 kazi ikafanywa upya. Kubadilisha jina kwa nusu ni kuahirisha deni.

Lakini haki ipimayo Wadachi sharti itupime na sisi. Mji wa Morogoro ulikua kando ya boma la Kisabengo, Mzigua mwenye nguvu aliyekusanya watoro na watu wa kila kabila, akajenga ukuta chini ya milima. Wasafiri wa zamani walimtaja kuwa ni mtekaji wa watu. Binti yake Simbamwene alimrithi, na Stanley alipopita mwaka 1871 mji uliitwa kwa jina la binti huyo. Mafuriko ya mwaka 1872 yaliuharibu, na jina lile likafifia lenyewe. Jina la Morogoro, ambalo ni la mto, likabaki. Lakini Kingo, wa ukoo ule ule, bado ana kata iitwayo kwa jina lake katika manispaa. Je, liondolewe kwa sababu ya aliyoyatenda babu yake? Kwa kipimo chetu jibu latoka kwa wakazi: kama wako ambao ukoo wao ulitekwa, na jina hilo lawachoma, wasikilizwe kama tulivyotaka mjukuu wa Ukami asikilizwe. Kama hawako, au kama wao wenyewe huliona ni kumbukumbu ya mwanzo wa mji, basi likae, ila mwalimu asiifiche habari ya utumwa afundishapo. Kibao cha njia chaweza kunyamaza. Mwalimu hana ruhusa hiyo.

VI. Majina ya watoto

Hili twalipitia kwa ufupi, ingawa ndilo linalowafikia waalimu na mapadre mara nyingi zaidi. Wako watoto waitwao Tabu, Shida, Mashaka, Masumbuko, Sikujua. Mwalimu mwenye huruma hutaka kuwapa majina mema. Na asubiri kwanza. Aghalabu jina la namna hii ni barua ya mama: lasema mtoto alizaliwa mwaka wa njaa, au baba alipokuwa mbali. Katika makabila mengi mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa hupewa jina baya makusudi, ili mauti yasimtamani. Mtu akilifuta bila kuuliza, amechana barua kabla ya kuisoma.

Kwa Waluguru jina ni zaidi ya hayo. Mkuu wa Kinole, aliyesifika kwa habari za mvua, huitwa Kingalu. Na afapo, mrithi wake huvaa jina lilo hilo pamoja na kiti. Jina halifi na mtu. Ni kama shamba la ukoo, hukabidhiwa. Ajuaye desturi hii ataelewa kwa nini wazee hukunja uso mgeni asemapo kwa wepesi, Tubadilishe tu.

Kwa hiyo mwalimu awaulize wazazi maana ya jina, naye awaeleze wanafunzi wenzake kama yafaa. Mtoto akiwa mtu mzima na akilichukia jina lake, sheria yampa njia ya kulibadilisha kwa hati. Uchaguzi huo ni wake, si wa mwalimu wake.

VII. Kubadilisha si kufuta

Lililobaki ni namna ya kubadilisha pale ambapo yapasa. Wasomaji wetu wanayo mifano katika Biblia wanayoifundisha. Yakobo alipopaita mahali Betheli, mwandishi hakuacha kutaja kwamba hapo kwanza mji uliitwa Luzu. Na mwana wa Sauli aitwa Eshbaali katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, lakini katika kitabu cha pili cha Samweli aitwa Ishboshethi. Wenye elimu wengi huona kwamba waandishi wa kale walichukizwa na jina la Baali, wakatia mahali pake neno la Kiebrania lenye maana ya aibu. Kitabu kimoja kimelibadilisha, kingine kimelihifadhi, na kwa kuwa tunavyo vyote viwili twajua habari nzima.

Wenye elimu ya mimea nao wametupa mfano mzuri. Wao ni wagumu sana kubadilisha majina, kwa maana jina la mmea ni uzi unaofunga pamoja vitabu na vielelezo vya miaka mingi; uzi ukikatika, elimu hutawanyika. Ua dogo la zambarau la milima ya Usambara na Uluguru lilipewa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya Mjerumani mmoja mtawala wa Tanga. Mwaka 2015 lilihamishiwa katika jamii ya Streptocarpus, si kwa ajili ya aibu ya ukoloni, bali kwa sababu undugu wa mimea ulionekana kuwa hivyo. Lakini katika mkutano wao mkuu wa Madrid, mwezi wa Julai mwaka 2024, walikubali kubadilisha majina zaidi ya 200 yenye neno caffra. Neno hilo latoka katika kafiri la Kiarabu, nalo huko Afrika ya Kusini lilikuwa tusi la kumdharau mtu mweusi. Wakaliandika affra, yaani la Afrika. Waliondoa herufi moja tu: tusi limetoka, na uzi haukukatika.

VIII. Mashauri

Kutokana na hayo yote twawapa wenzetu mashauri haya.

1. Ulizwapo juu ya jina, tafuta kwanza maana yake katika lugha ya walioliweka, wala usilihukumu kwa sauti yake katika lugha yako.

2. Makabila waite kama wanavyojiita wenyewe: Waparakuyo, Wadatoga, Wahadza. Hili halihitaji ruhusa ya mtu ye yote. Laweza kuanza kesho katika daftari la shule.

3. Katika habari za walio na ulemavu au waliougua, mtaje mtu kwanza, na hali yake baadaye, na kama si lazima usiitaje kabisa.

4. Jina la mtawala lisiondolewe kwa hasira ya siku moja wala kuachwa kwa uvivu. Wasikilizwe waliodhulumiwa na watoto wao. Tena jina jipya litafutwe kwanza katika kinywa cha wenyeji, kwa kuwa mara nyingi liko tayari.

5. Popote jina libadilishwapo, la zamani liandikwe kando yake pamoja na mwaka na sababu. Katika vitabu vya ubatizo na vya shule usikwangue wala usipake wino. Ongeza neno pembeni. Mtu atakayetafuta ukoo wake baada ya miaka 100 atakuhitaji.

6. Na jina lililo safi kwa wenyewe, kama Matombo, liache, ukalifundishe.

Kazi moja yatungoja sote. Katika kila parokia na kila shule yapo majina ya vijito, ya vilima na ya miti mikubwa ambayo maana yake imebaki kwa wazee wachache. Hata katika mitaa ya mji, kama Mwembesongo, wenye kuwauliza wazee ni wachache kuliko wenye kupita. Wasomaji wachukue daftari, waulize, waandike jina, maana yake, lugha yake, na aliyewaeleza. Siku watu watakapokutana kuamua jina lipi libaki na lipi liondoke, na wasikute kwamba lile walilotaka kulihukumu lilikwisha kusahauliwa maana yake.